Unataka kusomea ubunifu wa vito na usonara? Soma hapa kwanza

Fuawe_Makole

Wakuu habari za jioni.

Kila wiki napata ujumbe wa faragha kutoka kwa watu tofauti wenye swali lile lile, nimeona nishushe uzi tumalizane. Wanauliza: kuna haja gani ya kwenda chuo cha sanaa kusomea ubunifu wa vito na ufuaji wa metali, wakati masonara wamejaa mjini na unaweza kukaa na mmoja ukajifunza? Na ukishamaliza, hapa Dodoma utakula wapi?

Mimi nimesomea Afrika Kusini, sasa hivi nina karakana ndogo Makole. Chuo sikitaji, msije mkasema nimetumwa kutafuta wanafunzi.

Msimamo wangu uko hivi. Kama shida yako ni kuuza dhahabu, usipoteze ada kwenye chuo cha sanaa. Tafuta mtaji, tafuta sonara mzuri, kaa naye.

Mnajua dhahabu inavyouzwa kwetu. Pete inawekwa kwenye mizani, gramu zinasomwa, zinazidishwa kwa bei ya siku kulingana na karati (kipimo cha usafi wa dhahabu), halafu inaongezwa hela ya ufundi. Mteja akianza kulia bei, kinachokatwa ni ufundi, kwa sababu bei ya gramu haina mjadala. Umechora hiyo pete usiku kucha, umeirudia, umehangaika na kona zake, yeye anaona gramu nne. Akija kuiuza baadaye analipwa gramu zake, mchoro wako hauna hata shilingi. Kwenye biashara ya namna hiyo anayekula ni mwenye mtaji wa kununua mzigo. Mbunifu anabaki kibarua.

Sasa njoo kwenye shaba na fedha. Hereni ya shaba nyekundu, malighafi yake haifiki hata nauli ya kutoka mjini kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kurudi. Chochote mteja anacholipa juu ya hapo ni mchoro na mkono wako. Huko ndiko chuo kinakorudisha hela yake.

Haya, wanafundisha nini? Wengi wanadhani ni kuchora tu na kupiga picha nzuri. Mwaka wa kwanza mzima nilishinda na bati la shaba na msumeno. Msumeno wa sonara ni fremu ya chuma yenye wembe mwembamba sana, meno yake yanaangalia chini kwenye mpini kwa sababu unakata ukishuka, ukipanda haukati kitu. Unapewa mstari ulionyooka, unaukata. Kisha wa kupinda. Kisha kona. Wembe unakatika. Unafunga mwingine, unakatika. Siri yake ni kwamba kwenye unene wa bati yaguse meno yasiyopungua matatu. Bati likiwa jembamba kuliko hapo, jino linanasa na wembe unakwenda. Na ukiusukuma kwa hasira unakwenda vilevile. Mwalimu wetu alikuwa anapita nyuma yetu anasikiliza mlio tu, anajua nani anabana mpini.

Baada ya hapo moto. Metali ukiigonga inakuwa ngumu, ukiendelea inapasuka. Unairudisha kwenye ulaini kwa kuichoma hadi ianze wekundu uliofifia, halafu unaitumbukiza kwenye maji. Fedha ya 925 (kwenye sehemu elfu moja, 925 ni fedha safi) hapo iko kwenye nyuzi joto 650 hivi, na inayeyuka ikikaribia 900, kwa hiyo nafasi ya kuchezea si kubwa. Wekundu huo huwezi kuuona kwenye mwanga mkali. Ndiyo maana meza ya kuchomea inawekwa pembeni penye giza, na kwa jua letu la Dodoma wenye karakana za uwazini mnajisumbua. Unaona bado, kumbe pete inageuka uji.

Kulehemu ndiko kunakotenganisha watu. Lehemu, ile metali ya kuunganishia, haizibi pengo. Kama viungo viwili havijakutana sawasawa hata ukilehemu mara kumi itaachia, rudi kwenye tupa. Pia lehemu inakimbilia kwenye joto, kwa hiyo unachoma kipande chenyewe kizima, siyo ile lehemu. Halafu kuna lehemu ngumu, ya kati na laini. Kiungo cha kwanza unatumia ngumu, cha pili ya kati, cha mwisho laini, kwa sababu kila moja inayeyuka kwa joto dogo kuliko iliyotangulia. Ukianza na laini, ukija kuchoma kiungo cha pili, cha kwanza kinadondoka.

Na hesabu ipo, msidanganyike. Mteja kidole chake kinataka pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 17, bati lako lina unene wa milimita 1.5. Wengi wanakata 17 mara 3.14, wanapata 53 na kitu, pete haipiti kwenye kiungo cha kidole. Unatakiwa kujumlisha unene kwanza: 18.5 mara 3.14, milimita 58 na kidogo. Milimita tano hizo ndizo zinazofanya mteja asirudi kulalamika.

Upande wa sanaa wenyewe sasa. Unaweka kazi yako mezani, darasa zima linaichambua mbele yako. Kwa nini ni nzito upande huu? Kwa nini umeng'arisha huku na kule ukaacha tupa ionekane? Ukijibu "nimeona inapendeza" unaulizwa tena. Mara ya kwanza unataka kulia. Baadaye unaanza kujiuliza mwenyewe kabla hujashika msumeno, na hilo sijaliona likifundishwa mtaani. Mtaani unaletewa picha ya simu, "nitolee kama hii", unatoa.

Walitupa zoezi pia la kuleta mapambo ya kwetu. Mimi Mgogo, na Ugogo ulikuwa kwenye njia ya misafara ya kwenda Tabora na Ujiji. Karne ya 19 msafara haupiti hapa bila kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi: vitambaa, ushanga, na waya wa shaba. Ule waya uliishia mikononi na miguuni, umezungushwa pete kwa pete. Kwa hiyo hiki ninachokifanya Makole si kitu cha kuletwa na chuo. Na nendeni kwa Wadatoga, kuanzia huko Singida hadi ziwa Eyasi. Mhunzi wao anachukua kufuli bovu na koki za bomba, anayeyusha kwa mkaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, anamimina, anafua, anachora nakshi kwa patasi. Bangili inatoka ambayo mtalii anainunua bila kuuliza gramu. Huyo hajaenda chuo chochote na ndiye anayefanya biashara ninayoisema.

Mawe nayo tunayo. Haneti hapo Chamwino kuna krisoprasi, jiwe la kijani kama tufaa bichi, ukijani wake unatokana na nikeli. Winza kule Mpwapwa ndiko mwaka 2008 watu walikimbilia rubi. Lakini ingia duka la vito hapa mjini uulize krisoprasi ya Haneti iliyopachikwa kwenye fedha. Utaoneshwa vitu vya Dubai.

Maswali karibuni, nitajibu nikipumzika.

Bodaboda_Msomi

Nimeweka kambi hapa.

Ndugu_Mtazamaji

Uzi bila picha ni umbea. Tupia picha mkuu.

SonaraWaKurithi

Binti, umeandika vizuri ila umetudharau kidogo sisi wa mtaani.

Babu yangu alikuwa sonara, baba sonara, mimi sonara, duka liko mjini hapa na hakuna aliyeona mlango wa chuo. Mkufu natengeneza kwa mkono, kiungo kwa kiungo, waya navuta mwenyewe. Nimeshapokea vijana wenu wa chuo. Wanachora vitu kwenye karatasi ukivivaa vinakwaruza shavu. Mmoja alinichorea hereni nikamuuliza, uzito wote huu sikio la nani litabeba? Akaniambia ni sanaa.

Halafu hilo la gramu si ushamba. Mama wa Kitanzania ananunua bangili ya dhahabu kama akiba. Mtoto akiumwa usiku, ada ikikwama, anakuja kwangu asubuhi anaondoka na hela. Hiyo bangili yako ya kufuli bovu ataipeleka wapi? Mteja wangu anajua anachonunua.

Fuawe_Makole

Shikamoo mzee wangu.

La akiba umesema kweli kabisa na sibishani nalo. Ndiyo maana nimeandika mtu wa dhahabu aje kwa watu kama wewe. Mama anayeweka akiba hahitaji mbunifu, anahitaji mizani isiyodanganya.

Na hao vijana wa hereni nzito, ni kweli wapo. Chuo kibaya kinamwachia mwanafunzi akachora miaka mitatu bila kuvaa kitu alichotengeneza. Sisi tulilazimishwa kuvaa kazi zetu kutwa nzima, kupanda nazo basi, kulala nazo.

Ila mzee niruhusu nikuulize, lehemu yako ya dhahabu unachanganya mwenyewe au unanunua? Nauliza kwa sababu lehemu nyingi za zamani zilitiwa kadimiamu ili zitiririke vizuri. Moshi wake ni sumu, unakula mapafu na figo, na hauna harufu ya kukutisha. Chuoni hilo ni somo la wiki ya kwanza, kabla hata hujapewa kiberiti. Vilevile shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki, ukiizidishia moto inatoa moshi mweupe, ile ni zinki inaungua. Usiku unapata homa na baridi unadhani malaria, unakwenda kupima, huna. Vitu hivi mtaani vinaonekana ni kawaida ya kazi.

SonaraWaKurithi

Nanunua. Hilo la kadimiamu sijawahi kuambiwa. Nitamuuliza anayeniletea.

Homa ya moshi mweupe naijua, tulikuwa tunakunywa maziwa.

Fuawe_Makole

Maziwa hayasaidii mzee, dirisha ndilo linasaidia 😄 Fungua madirisha mawili yanayotazamana, upepo wa Dodoma utafanya kazi bure. Tatizo ni kwamba huohuo upepo unakuyumbishia moto, kwa hiyo weka ukuta wa matofali ya kuchomea pande tatu.

Mchimbaji_Londoni

Dada mimi nipo machimbo huku Singida. Nina dhahabu yangu kidogo ya shimoni, naweza kukuletea unifulie pete ya mchumba? Naona kuuza halafu kununua pete dukani ni kuzunguka.

Fuawe_Makole

Kaka hongera ya uchumba. Bila karatasi siipokei. Tangu 2019 tuna masoko ya madini, pitia huko dhahabu yako ipimwe, ilipiwe stahiki zake, uje na nyaraka. Ukinikuta na dhahabu isiyo na maelezo ni mimi nitakayeeleza, na wewe utakuwa umerudi shimoni.

La pili ni la afya. Dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki, hata ukishaichoma juu ya moto, ndani bado inabaki na zebaki kidogo. Nikija kuiyeyusha kwenye kalibu (chombo cha kuyeyushia) ndani ya chumba, ile inayotoka naivuta mimi. Usichome nyumbani kwako pia, hasa jikoni. Mvuke wa zebaki hauonekani.

Mchimbaji_Londoni

Nimekupata. Ila foleni ya huko nayo...

Kijiko_cha_Tanzanaiti

Mbona umezungumzia mawe ya Haneti na Mpwapwa hukugusa tanzanite? Ndiyo fahari ya nchi. Laizer, yule mchimbaji wa Mererani, aliuza mawe mawili mwaka 2020 kwa shilingi bilioni 7.7, wewe unatuambia shaba na kufuli?

Fuawe_Makole

Laizer aliuza mawe ghafi kwa kilo. Hongera yake, lakini hiyo ni habari ya uchimbaji. Aliyekata na kupachika ndiye tunayemzungumzia hapa.

Tanzanite naipenda, ila kwenye pete ya kila siku naikataa na wateja wananuna. Kwenye kipimo cha Mohs ugumu wake uko kati ya 6 na 7. Vumbi letu hili la Dodoma lina chembe za kwatzi, ambayo ni 7. Maana yake kila ukifuta pete yako ya tanzanite kwa kitambaa kikavu, unaipiga msasa mwenyewe. Baada ya mwaka inafifia, unamlaumu aliyekuuzia. Isuuze kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Na ina upande inapopasuka kirahisi, ukiigonga kwenye kona ya meza kwaheri. Iweke kwenye hereni au kidani, huko itakaa.

Jambo jingine kwa wanaojifunza: usiwashe moto kwenye pete ambayo tanzanite iko ndani, hata kama ni kurekebisha kidogo tu. Joto la ghafla linaipasua. Toa jiwe kwanza. Krisoprasi nayo haitaki moto, rangi inapauka. Rubi inavumilia kidogo lakini mimi hata hiyo naitoa, sitaki kesi na mtu.

BintiKondoa

Dada vipi kuhusu kompyuta? Mimi nachora kwa programu, naona watu wanachapisha pete kwa mashine. Si huo msumeno utakuwa umepitwa?

Fuawe_Makole

Haujapitwa. Mashine inachapisha pete ya nta au resini, inazungushiwa plasta maalumu, inachomwa tanuruni hadi nta itoke yote, linabaki tundu, unamimina metali. Ikitoka ina mkia wa kukata, ina ukoko, ina vijitundu. Nani atakata, atapiga tupa, atapiga msasa kuanzia namba 400 hadi 1200? Mkono.

Na kwenye skrini kila kitu kinasimama. Vijana wanachora makucha ya kushika jiwe membamba kama nywele, wanasahau kwamba metali ikipoa inasinyaa kidogo na wakati wa kung'arisha inapungua tena. Jifunze yote mawili. Ila anza na tupa, ndipo utajua skrini inadanganya wapi.

MamaWawili_Ipagala

Habari zenu wanangu. Nimesoma yote toka juu. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, ufaulu wake wa kawaida tu, ila huyu mtoto tangu mdogo ni kuchora na kusuka waya za ushanga. Baba yake anataka aende uuguzi. Mimi sina la kumjibu maana sijui hata hiyo fani inaanzia wapi. Huko Afrika Kusini hatuwezi, niseme ukweli.

Fuawe_Makole

Shikamoo mama.

Usifikirie Afrika Kusini sasa. Hata mwenye hela simshauri aende akiwa hajawahi kushika tupa, watu wanarudi mwaka wa kwanza na ada imeliwa.

Kwa hapa nchini sehemu ya kuulizia kwanza ni Kituo cha Jemolojia Tanzania, TGC, kiko Arusha chini ya Wizara ya Madini. Wanafundisha kukata na kung'arisha vito, na mabinti wengi wamepita pale. Waulize kozi za usonara zilizopo mwaka huu na sifa za kujiunga. Hapa Dodoma tuna Chuo cha Madini, lakini kile ni cha jiolojia na uchimbaji, usije ukamlipia ukidhani ni vito. VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi, wana uchomeleaji, siyo vito ila mtoto atajua moto na metali na hataogopa. Na akitaka kuja kuwa na kibanda chake, SIDO wapo kwa ajili ya viwanda vidogo, akaulize mafunzo na mikopo.

Wakati mnatafuta, aanze kuweka kabrasha. Achore kila siku kwa penseli, vitu vya kweli, siyo vya kuiga kwenye simu: kufuli, ganda la ubuyu, bangili ya bibi. Apige picha kazi zake za waya kwenye kitambaa cheupe karibu na dirisha. Vyuo vingi vya sanaa vinaomba hayo, na asipokuwa nayo hata daraja la kwanza linaweza lisimsaidie.

Baba mwambie hivi, aone kwanza miezi michache. Uuguzi hautahama.

Bodaboda_Msomi

Mama sikiliza huyo dada. Dada yangu alilazimishwa uuguzi, sasa hivi anauza maandazi na hasemi na mzee.

MamaWawili_Ipagala

Asante sana mwanangu. Vifaa vya kuanzia ni bei gani? Na hiyo gesi si hatari kwa nyumba ya kupanga?

Fuawe_Makole

Mama, mwezi wa kwanza asiguse gesi kabisa. Msumeno na nyembe zake, tupa mbili, moja bapa na moja nusu duara, msasa, koleo yenye mdomo laini usio na meno, na kipande cha bati la shaba. Shaba aende kwa wauza vyuma chakavu, waya nene wa umeme ukiuchuna ndani ni shaba safi. Asiuchome kutoa plastiki, ule moshi mbaya, auchune kwa kisu. Meza ya mbao imara yenye kipande cha ubao kilichotokeza mbele, chenye tundu la pembe tatu, anakatia hapo. Fundi seremala yeyote atamtengenezea.

Akishaweza kukata mduara bila kutoka nje ya mstari ndipo tuongee moto, na moto aufanyie kwa mtu, siyo chumbani kwenu.

SonaraWaKurithi

Mama Wawili, duka langu liko jirani na soko la Majengo. Mlete Jumamosi nimwone mkono wake. Nitamwanzisha kuvuta waya na kutengeneza viungo vya mkufu, huyu dada atamfundisha kuchora. Chuo kama kipo atakwenda baadaye akiwa anajua anakwenda kutafuta nini.

MamaWawili_Ipagala

Mungu akubariki baba. Utatoza kiasi gani?

SonaraWaKurithi

Hela tutaongea nikishamwona. Nyembe anunue mwenyewe, za kwangu simpi, nawajua hawa wanaoanza. Saa tatu kamili asubuhi, afunge nywele, avae viatu vya kufunika vidole. Mtandio auache nyumbani, kuna mashine ya kung'arishia inazunguka.

Ndugu_Mtazamaji

Picha bado tunasubiri.